Wasomaji wanauliza: sina chama, mbona wamenirudisha mlangoni?

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa ndugu zetu walioko Marekani, hasa waliopata uraia, na karibu zote zinalia kilio kimoja, kupiga kura bila kuwa na chama. Nimechagua nne, nyingine nimezifupisha maana zilikuwa ndefu kuliko khutba.

SWALI: Shikamoo mjomba. Niko Pennsylvania, nimeapa uraia juzijuzi tu na kwenye fomu ya kujiandikisha nikajaza sina chama, sitaki mtu anishikie akili. Basi siku ya kura za mchujo, zile za kuchagua wagombea wa vyama, nimedamka, nafika kituoni yule mama anatafuta jina langu, ananiambia wewe huna chama, leo hakuna karatasi yako. Nikarudi nyumbani na aibu yangu. Si kodi nalipa mjomba? Hii ni halali kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni halali, na ndipo inapouma. Pennsylvania mchujo wao umefungwa, yaani Mdemocrat anachagua mgombea wa Democratic, Mrepublican wa Republican, na wewe usiye na chama unasubiri uchaguzi mkuu wa Novemba. New York na Florida ni hivyohivyo. Vituo ni vya umma na pesa inayoendesha zoezi ni ya walipa kodi, kwa hiyo hoja yako ya kodi ina uzito na ndiyo hoja kubwa ya wapiga kura huru, yaani wasio na chama, wanaodai mabadiliko.

Tatizo ni kwamba kwenye sehemu nyingi chama kimoja kina nguvu mno, aliyeshinda mchujo wa chama hicho ndio kashapita, Novemba mnakamilisha ratiba tu. Sasa ukifungiwa nje ya mchujo umefungiwa nje ya uchaguzi wenyewe. Mahakama nayo haijawasaidia sana, maana mwaka 2000 Mahakama ya Juu ilifuta mfumo wa California uliomruhusu kila mtu kupiga kura kwenye mchujo wa chama chochote, ikasema chama kina haki ya kuamua nani anawachagulia wagombea wao. Ila mwaka 1986, kesi ya Connecticut, mahakama hiyohiyo ilisema chama kikitaka chenyewe kuwakaribisha wasio na chama, jimbo lisikizuie. Kwa hiyo ufunguo wanao vyama vyenyewe, vikitaka.

Kwa sasa fanya hivi: ukitaka mchujo ujao badilisha usajili wako uingie chama kimojawapo angalau siku 15 kabla, kisha ukimaliza unaweza kurudi kuwa huna chama, hakuna atakayekuuliza. Walioko New York wawe macho, kwao kubadili chama mwisho ni tarehe 14 Februari wakati mchujo wenyewe ni Juni. Na kitu ambacho huenda yule mama hakukwambia: kama siku hiyo kulikuwa na swali la kura ya maoni kwa wananchi wote, hilo ulikuwa na haki ya kulipigia hata bila chama. Siku nyingine uliza kabla hujaondoka.

SWALI: Mimi niko California, kwenye fomu nilichagua "American Independent" nikijua ndio huru. Kuna jamaa ananicheka. Kwani nimekosea nini?

JIBU: Pole kaka, umejiunga na chama. Kile ni chama kamili, kilianzishwa 1967 na mwaka 1968 kikamsimamisha George Wallace kugombea urais, yule gavana wa Alabama wa kutetea ubaguzi wa rangi. Hauko peke yako, mwaka 2016 gazeti la Los Angeles Times lilifuatilia likakuta wengi waliomo humo hawana habari kabisa. Asiye na chama California huitwa "No Party Preference". Jaza upya, ni dakika chache.

SWALI: Hawa mnaowaita wapiga kura huru mi naona ni waoga tu wa kuchagua upande. Kama kweli ni wengi hivyo mbona hawana rais, hawana chochote?

JIBU: Wewe umekuja na ngumi, sawa. Wengi kweli ni wengi, mwaka 2023 wapima maoni wa Gallup walikuta asilimia 43 ya watu wazima wanajiita huru, Democratic 27, Republican 27. Lakini hapo pana mtego ambao wenyewe huwa hawapendi kuutaja, ukimbana huyo anayejiita huru akwambie anaegemea wapi, wengi wana upande. Sio jeshi lililopanga mstari likingoja kamanda.

Na habari ya rais waulize waliompigia Ross Perot mwaka 1992, alipata karibu asilimia 19 ya kura nchi nzima halafu kwenye kura za wajumbe wa majimbo, zile zinazomweka rais, akapata sifuri. Kabla yake, 1988, Lenora Fulani alikuwa mwanamke wa kwanza na mtu mweusi wa kwanza mgombea urais ambaye jina lake lilifika kwenye karatasi za kura za majimbo yote 50, alisimama kwa chama kidogo cha New Alliance, kazi ya kukusanya saini usiombe. Kwenye Seneti wapo Bernie Sanders na Angus King, wote si wanachama ila wanakaa upande wa Democratic. Ndio maana mimi nasema wanaohangaika kutafuta mgombea mkombozi wanapoteza muda, wenye akili wamehamia kwenye kubadilisha sheria za mchezo. Sasa kama huo ni uoga basi ni uoga wenye jasho jingi.

SWALI: Mjomba, sisi ni kikundi cha watu nane, wengine Ohio wengine Michigan, hatuna chama na tunataka mchujo uwe mmoja wa wagombea wote na mipaka ya majimbo ya uchaguzi isichorwe na wanasiasa. Lakini mwaka 2024 tuliona mageuzi haya yanapigwa karibu kila mahali, tumevunjika moyo. Tuanzie wapi, au tuache?

JIBU: Msiache, ila mjue kilichotokea. Novemba 2024 wananchi wa Nevada, Colorado, Idaho, Arizona, Montana na South Dakota waliulizwa kuhusu kufungua mchujo, wote wakasema hapana. Nevada ndio inashangaza maana mwaka 2022 walikuwa wamesema ndiyo, na katiba yao inataka wapitishe mara mbili. Waliopona ni Washington DC, walipitisha, na Alaska, ambako mfumo wa mwaka 2020 (mchujo mmoja kwa wote, wanne wa juu wanaendelea, halafu mpiga kura anawapanga kwa namba, anayempenda zaidi namba moja na kuendelea) ulinusurika kufutwa kwa tofauti isiyofika kura 800, jimbo zima hilo!

Watu watawaambia kilichoponza ni huko kupanga wagombea kwa namba, kwamba kunachanganya. Inawezekana kwa sehemu, lakini South Dakota hakukuwa na namba kabisa, ilikuwa mchujo mmoja wawili wa juu wapite, na bado ikaanguka vibaya. Mi naona kasoro kubwa ni nyingine: kampeni nyingi zilikuja na pesa nyingi kutoka nje ya jimbo na matangazo ya TV, wapinzani wakauliza tu hawa ni nani na wanataka nini kwetu, na hakukuwa na jirani wa kumjibu jirani.

Nyie wa Michigan mnao mfano mlangoni kwenu. Baada tu ya uchaguzi wa 2016 dada mmoja, Katie Fahey, hajawahi kuendesha kampeni, aliandika Facebook kwamba anataka kupambana na uchoraji wa mipaka wa hila, ule wa kupendelea chama kimoja, nani yuko tayari. Wakatokea watu, wakafanya mikutano ya hadhara kote jimboni kuwauliza wananchi wanataka nini KABLA ya kuandika pendekezo, halafu wakajitolea kukusanya saini zaidi ya laki nne wakati zilizotakiwa zilikuwa 315,654, na hiyo ziada si ya mbwembwe, saini nyingi hukataliwa kwenye ukaguzi. Pesa kubwa za wafadhili zilikuja baadaye, watu walikuwa wameshasimama. Mwaka 2018 wakashinda kwa asilimia 61. Tume iliyopewa kazi ya kuchora mipaka ina wajumbe 13, wanne Democratic, wanne Republican, watano hawana upande. Sio malaika, Desemba 2023 mahakama ya shirikisho iliwakatalia maeneo 13 ya Detroit na jirani zake kwa jinsi walivyotumia rangi za watu, wakachora upya, lakini angalau anayechora si yule anayegombea.

Kwa hiyo chagueni jambo moja, sio mchujo na mipaka kwa mpigo, na wa Ohio na wa Michigan mjigawe maana sheria ni za jimbo. Majimbo yenu yote mawili yanaruhusu wananchi kupeleka pendekezo kwa saini. Yule binti wa Pennsylvania hapo juu hana bahati hiyo, jimbo lake halina njia hiyo, itabidi awasumbue wabunge wake kama walivyofanya New Mexico, ambako baada ya miaka mingi ya kugonga mlango bunge lilipitisha sheria mwaka 2025 ya kuwaruhusu wasio na chama kwenye mchujo kuanzia 2026.

Na kama kati yenu nane yupo mwenye grini kadi tu, asitie saini na asijiandikishe kupiga kura hata akibembelezwa na mtu mwenye fomu, kudai uraia ambao huna kunaweza kukufukuzisha nchini. Mikutano anaweza kuhudhuria, na ubao wa kuandikia pia anaweza kubeba.