Siku Kumi na Tisa za Kumzoesha Iliki: Kuwapokea Watoto wa Panya wa Kufugwa

Nilipompigia mama yangu Tanga kumwambia kwamba nimewaleta nyumbani watoto wawili wa panya, alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Panya hawa hawa, mwanangu?" Simlaumu. Sisi tuliokua tukiwasikia wakikimbizana darini na kutoboa magunia ya mahindi hatukuzoea kuwapa panya majina. Hata hivyo, panya wa kufugwa, ingawa asili yake ni yule panya wa kahawia wa kwenye mitaro, amezalishwa mikononi mwa watu kwa zaidi ya miaka 100, na hapa Uingereza alionyeshwa katika maonyesho ya National Mouse Club, klabu ya wafugaji wa panya, mjini Aylesbury tangu mwaka 1901. Mimi nimewafuga hapa Leicester tangu 2017. Ninachotaka kueleza ni kile kipindi kifupi baada ya kuwaleta nyumbani, kwa sababu hapo ndipo nilipokosea, na kosa langu alilipia panya mwenyewe.

Kwanza, usichukue mmoja. Panya ni mnyama wa kuishi kundini; hulala wakiwa wamerundikana, husafishana manyoya na kucheza mieleka usiku kucha, na binadamu anayekwenda kazini hawezi kuziba nafasi hiyo hata awe na upendo kiasi gani. Chukua wawili au zaidi wa jinsia moja, wenye umri wa wiki sita hadi nane, na uhakikishe kwa macho yako kwamba madume na majike walitenganishwa wakiwa na takriban wiki tano, maana katika umri huo tayari wanaweza kupandana, na mimba yao huchukua kama wiki tatu tu. Nilichukua ndugu wawili wa kike, Karafuu na Iliki, wakiwa na wiki saba.

Kizimba nilichokuwa nimekiandaa kilikuwa kikubwa na kizuri, lakini nafasi kati ya chuma na chuma ilizidi sentimita mbili. Kwa mtoto wa panya isizidi sentimita moja na nusu, kwani kichwa kikipita, mwili nao unapita. Usiku wa kwanza Iliki alitoka, akajificha nyuma ya jokofu, na mimi kwa hofu ya kumpoteza nikamshika mkia na kumvuta. Alipiga ukelele ambao sijausahau hadi leo. Panya hashikwi mkia kamwe, kwa sababu ngozi ya mkia inaweza kuchunika yote ikabaki mifupa. Ngozi ya Iliki ilisalimika, ila kuanzia usiku ule kila alipouona mkono wangu alikimbilia kona ya mbali, akakauka kama jiwe, manyoya yamemsimama, na akajisaidia kwa woga. Karafuu, ambaye hakuyapitia hayo, alikuwa akipanda begani kwangu siku ya tatu.

Watu wengi hushauri kwamba panya mwoga aachwe hadi atakapokuja mwenyewe. Nilifanya hivyo kwa siku sita, na sikubaliani tena na ushauri huo kwa mtoto aliyekwisha kuogopa. Kila mara mkono ulipoingia, yeye akakimbia, nami nikauondoa, nilikuwa namfundisha kwamba kukimbia ndiko kunakomwokoa. Siku ya saba niligeuza utaratibu. Niliwahamishia wote wawili katika kizimba kidogo ambamo hapakuwa na mahali pa kujichimbia mbali, nikaweka ndani fulana niliyoivaa siku nzima ili walale juu ya harufu yangu, na nikaanza kumtoa Iliki mara tatu kwa siku, dakika kumi na tano hadi ishirini kila mara. Nilimwinua kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mwingine ukibeba miguu ya nyuma, nikamtia ndani ya sweta langu, nikakaa ndani ya beseni kavu la kuogea ambako hata akitoka hawezi kupotea. Nilizungumza naye kwa sauti ya chini. Sikumkimbiza wala sikumbana. Kanuni niliyoishika bila kulegea ilikuwa moja: sikumrudisha kizimbani akiwa anahangaika, bali nilingoja atulie, hata kwa nusu dakika, ndipo nikamrudisha.

Siku ya kumi na moja nilichovya kidole katika mtindi usio na sukari. Alitoa pua kwenye mkono wa sweta, sharubu zikitetemeka, akanusa, akarudi ndani, akatoka tena, kisha akakishika kidole changu kwa vidole vyake vidogo, kama mtu anayeshika kikombe cha chai ya moto, akaramba hadi mtindi ukaisha. Mtindi unafaa kwa kazi hii kwa sababu hawezi kuunyakua na kwenda kuulia mafichoni. Inambidi abaki nawe. Usimlishe kwa kupenyeza kidole kati ya vyuma, maana atajifunza kwamba kila kinachopenya hapo ni chakula, na mgeni wako atang'atwa pasipo kosa la panya.

Kuzoesha panya wangali wadogo si jambo la wafugaji wa Ulaya peke yao. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO huwazoesha watoto wa panya buku mikono ya watu, sauti na mazingira mageni kabla ya kuwafundisha kunusa chochote. Magawa, panya buku aliyepewa nishani ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la kuhudumia wanyama, mwaka 2020 kwa kazi yake ya kutafuta mabomu ya kutegwa ardhini nchini Kambodia, alizaliwa huko. Panya buku ni wa jamii nyingine na huishi miaka mingi zaidi kuliko hawa wetu, lakini mpangilio ni huo huo: kwanza mtoto amzoee mtu, kazi ifuate.

Wakishatulia, cheza nao. Mwanasayansi Jaak Panksepp alionyesha kwamba panya wanaotekenywa hutoa milio ya furaha ya takriban kilohezi 50, ambayo sikio letu haliifikii. Nami huwatekenya shingoni na ubavuni kwa ncha za vidole, niondoe mkono, nione kama wataufuata. Wakiufuata, wanataka tena, wakiondoka, naacha.

Kuhusu matandiko, epuka maranda ya msonobari na ya mwerezi ambayo hayakukaushwa kwa joto, kwa kuwa harufu yake huumiza mapafu, na panya wengi wa kufugwa tayari wanaishi na bakteria wa mapafu aitwaye Mycoplasma pulmonis. Mimi hutumia karatasi zilizochanwachanwa, na susu la kitambaa la kulalia juu. Badilisha matandiko ya pembe wanayokojolea kabla amonia, ile harufu kali ya mkojo, haijakufika puani. Chafya chache katika siku za kwanza kwenye nyumba ngeni ni za kawaida. Pumzi yenye mlio wa kukwaruza, au uteute mwekundu unaoganda kuzunguka macho na pua bila kukoma, ni sababu ya kwenda kwa daktari wa wanyama siku hiyo hiyo, kwani mtoto wa panya hudhoofika haraka.

Siku ya kumi na tisa nilikuwa nimekaa bafuni nikisoma, Iliki yuko ndani ya sweta kama kawaida, nikahisi mtikisiko mdogo juu ya kifua changu. Nilipofungua shingo ya sweta nilimkuta anasaga meno taratibu, macho yakichezacheza mbele na nyuma jinsi panya anavyofanya anapostarehe kabisa, kisha akayafumba akalala. Nilikaa ndani ya beseni lile hadi miguu ikafa ganzi. Tangu hapo, kila Jumapili nilipotoa mizani ya jikoni kuwapima uzito, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda, akasimama kwa miguu ya nyuma akingoja kidole cha mtindi.