Kabla Hujachapisha Nyimbo Zako za Kwaya

Nilipoanza kufundisha kwaya nilikuwa na nyimbo 14 za kwangu mwenyewe na haraka isiyo na breki. Niliziandika kwa solfa, nikazipeleka kwa fundi wa fotokopi, nikarudi na vijitabu 60 vyenye jina langu juu. Wiki ya pili ya mazoezi mzee mmoja wa besi, sauti ya chini ya wanaume, akanyoosha mkono: "Samahani mwalimu, hapa sisi tunapumua saa ngapi?" Nikaangalia. Nilikuwa nimewapa mistari minne mfululizo bila pumziko hata moja. Kwaya nzima ilicheka. Nami nikacheka, ila kwa ndani natamani ardhi ipasuke.

Aliyenifariji ni mtu aliyekufa mwaka 1800. William Billings wa Boston alikuwa mtengenezaji ngozi, na muziki alijifunza kwa sehemu kubwa peke yake. Jicho moja lilikuwa bovu, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, na alizunguka akifundisha watu kuimba. Mwaka 1770, hajafikisha hata miaka 25, alitoa kitabu cha The New-England Psalm-Singer, chenye tuni (muziki wa nyimbo) zaidi ya 120, zote za kwake. Kabla yake hakuna mtunzi wa Marekani aliyewahi kuchapisha kitabu kizima cha nyimbo zake peke yake. Picha ya mwanzo ilichongwa na Paul Revere, yule sonara maarufu wa Boston.

Sasa sikiliza alichofanya mwaka 1778. Katika utangulizi wa kitabu chake cha pili, The Singing Master's Assistant, alikiri mbele ya wasomaji wote kwamba nyimbo nyingi za kile cha kwanza hazikustahili kuchapishwa. Alikiita Reubeni wake, yule mzaliwa wa kwanza wa Yakobo ambaye baba yake alimwambia hatulii, ni kama maji. Tena hakuishia kulalamika. Zilizokuwa mbovu aliziacha, zilizokuwa na uhai akazifanyia kazi upya. Tuni ya "Chester" ilibaki na kuongezewa beti zinazowataja majenerali wa Uingereza kwa majina, maana vita vya uhuru vilikuwa vimepamba moto. Ndiyo iliyokuja kuwa maarufu kuliko zote. (Tuni nyingine aliipa jina "Africa". Zama zile tuni zilibatizwa majina ya mahali bila kujali maneno yake.)

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: wimbo mpya uimbishe miezi kadhaa kutoka kwenye karatasi za mkono kabla hujaupeleka popote. Wape besi na alto ruhusa ya kusema. Soprano hawatakwambia kitu, wao wana melodi na wameridhika. Kwa Billings, kwa kweli, melodi ilikaa kwenye sauti ya tena, yaani sauti ya juu ya wanaume, na aliandika kwamba katika waimbaji 40, 20 wawe besi. Mimi nina besi watatu, basi niliwatoa kona ya nyuma nikawaweka katikati. Tofauti ilisikika siku ileile.

Halafu kuna wakosoaji. Mimi niliambiwa nyimbo zangu ni tamu mno, hazina msuguano, nikaanza kupachika nota za ajabu ili nionekane msomi. Billings naye alilaumiwa hivyohivyo. Jibu lake lilikuwa "Jargon", kiwimbo kifupi ambacho sauti zinagongana mwanzo hadi mwisho, kikiwa na maelekezo yake: punda aimbe besi, msumeno unaonolewa uchukue sauti ya tena, nguruwe mwenye njaa apige kelele kwenye sauti ya kati, na gurudumu la mkokoteni lisilotiwa grisi liimbe sauti ya juu. Baada ya hapo aliendelea kuandika alivyotaka. Niliposoma hayo nilizifuta nota zangu za kisomi.

Jambo moja hakuliweza. Aliomba hakimiliki, na mwaka 1772 baraza la kutunga sheria la Massachusetts lilimkubalia, lakini gavana Hutchinson hakutia saini. Tuni zake zikawa zinachapishwa na wengine, naye akafa maskini. Kaburi lake pale Boston Common halina alama. Ukitoka mazoezini wiki hii, sajili kazi zako COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Usingoje ziwe maarufu.

Kama hujawahi kumsikia, anza na "When Jesus Wept". Ni wimbo wa kufuatana: kundi la kwanza linaanza, la pili linadaka mstari uleule, hadi makundi manne. Kwaya yangu iliushika kwa jioni moja, hata wale wasiosoma nota.

Zile nyimbo 14 zimebaki tano. Alama za kupumua ameziweka yule mzee wa besi mwenyewe, kwa penseli, na kila nikileta wimbo mpya huuchukua kwanza akakaa nao dirishani.