Kabla ya Mche, Mchoro: Nilivyoukosea Uwanja Wangu wa Malindi na Nilivyourudisha

Juma lililopita, usiku saa nne na ushei, msomaji mmoja aliniletea ujumbe: "Asalamu alaikum dadangu. Nyumba yangu ya Muyeye imekwisha alhamdulillahi, rangi imepakwa, geti limetiwa. Nimebakiwa na laki mbili za uwanja. Fundi aniambia tuweke kabro pote, pasiwe na matope, na tupande minazi miwili ya pambo. Wewe waonaje?"

Nilimjibu neno moja tu: ngoja. Kisha usingizi ukanipaa, maana ule ujumbe ungeweza kuwa wangu mwenyewe wa mwaka 2019, neno kwa neno. Fundi yule yule wa maneno, kabro ile ile, yaani matofali ya saruji ya kutandika chini, haraka ile ile ya kutaka nyumba ionekane imekwisha watu wasije wakasema pesa zimeishia njiani. Kwa hivyo leo nitaeleza yangu yote, nilivyomkwepa msanifu wa mandhari, yaani mtaalamu wa kupanga na kuchora uwanja, hata yale niliyoyameza.

Kiwanja chetu kiko mtaa wa Barani, hapa Malindi, futi 50 kwa 100. Ujenzi wenyewe siusimulii. Aliyejenga anaujua. Naanza siku ya mkungu.

Ule mkungu aliupanda mamangu miaka mingi kabla ya msingi kuchimbwa, wakati kiwanja kilikuwa ni uwanda wa mbuzi. Mnaujua mkungu unavyokua: matawi hutoka kwa tabaka, moja juu ya jingine, kama miavuli iliyopandanishwa. Chini yake kulikuwa na mkeka wa mamangu, kinu chake, na watoto wa mtaa wakigonga kungu kwa mawe watafute kiini. Fundi akasema majani yake ni uchafu, mizizi itapasua ukuta, na gari halitapata pa kugeukia. Mimi na bwanangu hatukumuuliza mtu mwingine yeyote. Mamangu alikuwa Lamu kwa dadake, wiki mbili. Mti ukakatwa asubuhi moja, kuni zikauzwa elfu tatu.

Aliporudi alisimama getini na kikapu chake mkononi. Hakufoka wala hakulia. Alisema tu, "Sasa nitakaa wapi?"

Miaka sita imepita. Bado nalisikia lile swali kila nikisikia shoka mtaani.

Kabro ikamwagwa mpaka ukutani, laki mbili na sitini elfu. Siku ya kwanza ilipendeza, nisiseme uongo. Nilipiga picha, nikaziweka mtandaoni, watu wakanipongeza. Baada ya mwezi tukaanza kuonja. Sebule yetu inatazama magharibi, na uwanja mzima sasa ulikuwa jiwe la kuokea. Saa tatu za usiku ukipita pekupeku bado sakafu ya nje ilikuwa na joto la mchana. Watoto wakaacha kucheza nje. Mamangu akahamia chumbani, akawa hatoki mpaka magharibi iadhiniwe. Tukanunua kiyoyozi, tokeni za umeme zikawa haziingii ila zinatoka.

Pembeni nilijiachia kipande cha nyasi, na hapo pia nilitaka kuiga. Nilikuwa nimeona nyumba za jamaa Nairobi, ukoka mzito kama zulia, nikaagiza nyasi za Kikuyu magunia kadhaa. Jina lake tu lingetosha kuniambia: ni nyasi za nyanda za juu, zilizozoea baridi na maji yasiyo na munyu. Mimi nikazimwagia maji ya kisima chetu cha Barani, yenye munyu, katikati ya joto la Kaskazi. Kufikia Februari zilikuwa kama ufagio uliochoka. Nikalaumu kijana wa kumwagilia. Namuomba radhi hapa hapa.

Halafu zikaja mvua za mwisho wa 2023, zile za El Niño. Kumbe kabro ilikuwa imelazwa ikiinamia nyumba. Si sana, vidole viwili vitatu, lakini maji hayahitaji zaidi ya hapo. Zamani mchanga wetu ulikuwa ukiyanywa maji yote. Sasa tulikuwa tumeufunika. Maji yakaingia sebuleni, yakaingia chumba cha mamangu, yakaloweka sanduku lake la arusi na kanga alizokuwa ameziweka humo tangu ujana wake. Nilimpigia fundi simu siku tatu mfululizo. Simu ikaita, kisha ikawa haipatikani. Simtaji jina na sitamtaja, lakini yeye akisoma hapa atajijua.

Ndipo nikasema: sasa namtafuta mwenye kuijua kazi hii. Msanifu wa mandhari. Wengi wetu Pwani tunadhani hiyo ni kazi ya mahoteli ya ufuoni au ya Wataliano na majumba yao ya barabara ya Casuarina. Si kweli. Ni taaluma kama ya kuchora nyumba, na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, kule Juja, huisomesha kwa shahada kamili. Nilipotaja bei ya mchoro, elfu arobaini, shemeji yangu alicheka mbele ya wageni: "Ulipe elfu arobaini mtu akuchoree miti?" Nimemsamehe. Kusahau bado.

Yule kijana msanifu alipokuja mara ya kwanza hakuja na mche hata mmoja. Hilo ndilo nawataka mlishike. Ukiona mtu anaanza kwa kukuuzia miche, huyo ana kitalu, hana mchoro. Huyu alikuja na utepe wa kupimia, sururu na daftari. Akaja saa moja asubuhi, akarudi saa kumi alasiri ya siku nyingine. Akauliza maswali ambayo hakuna fundi aliyewahi kuniuliza: Mama mzee hukaa wapi alasiri? Nani hupika nje? Mnatilia udhu wapi? Nguo huanikwa upande gani? Siku ya mvua maji husimama wapi kwanza?

Akachimba mashimo matatu. Mchanga ulikuwa futi moja tu, chini yake jabali la matumbawe. Hapo nikajua kwa nini mndimu wangu ulikuwa na majani ya njano yenye mishipa ya kijani miaka yote, na mimi nikiushindilia mbolea. Ardhi ya matumbawe ina chokaa nyingi, na mmea hushindwa kuvuta madini ya chuma hata kama yamo. Si njaa ya samadi tu. Akapima na maji ya kisima, akatikisa kichwa.

Kisha akanieleza jua. Malindi iko karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Jua la Juni huinamia kaskazini, la Desemba huinamia kusini, kwa hivyo kuta hizo mbili hupokezana. Lakini ukuta wa magharibi hauna mwezi wa kupumzika. Kila alasiri ya Mungu unachomwa. Na sisi tulikuwa tumeukata mti uliokuwa ukiusitiri ukuta huo. Aliposema hivyo bwanangu alitazama chini. Mamangu, aliyekuwa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, alisema polepole, "Niliupanda pale kwa sababu."

Nilikwenda Lamu baada ya hapo, kwa khalati, yule dadake mamangu, mtaa wa Langoni, na kwa mara ya kwanza niliitazama ile nyumba kwa macho ya mtu aliyelipia elimu yake. Unaingia dakani, ukutani kuna pa kukalia mgeni. Unapita ndani, unakuta kiwanda, uwazi ule wa katikati ya nyumba, asumini ukutani, mkomamanga kwenye kona, maji karibu. Joto la njia limebaki nje. Na ukienda Gede, kwenye magofu ya mji wa kale, utakuta nyua zilizoshushwa chini ya usawa wa vyumba, kazi ya watu waliokwisha kuondoka pale karne nyingi. Wazee wetu walijua kwamba uwanja ni chumba cha nyumba, kinahitaji mpango kama vyumba vingine. Tuliosahau ni sisi, wenye mageti ya chuma. Tunatoa milioni kwa ukuta na bati la rangi, kisha nje tunamwachia mwenye wilbaro aamue. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nami naongeza: kabla hujaufikia mlango umekwisha pita uwanjani, na uwanja umekwisha kukuambia watu wa humo wanaishi vipi.

Basi mchoro ulipokuja, nilitaraji maua. Nikakuta maji. Nusu ya karatasi ilikuwa mishale ya maji. Kabro thuluthi mbili ziling'olewa. Zilizobaki, za gari na za njia ya mlangoni, zikalazwa upya zikiipa nyumba mgongo, sentimita 2 kwa kila mita, mpaka kwenye shimo lililojazwa vifusi vya matumbawe ili maji yanywewe na ardhi. Maji ya paa yakaelekezwa kwenye tangi la lita 5,000, na hayo ndiyo yanayochanganywa na ya kisima kupunguza munyu. Maji ya udhu, ambayo hayana sabuni, yakatolewa kwa bomba hadi kwenye migomba mitatu na mkomamanga. Sisi nyumba nzima tunatawadha mara tano. Hebu fikiria ni maji kiasi gani tulikuwa tukiyatupa.

Upepo nao ulikuwa na mishale yake. Upande wa Kusi, unaovuma kwa nguvu katikati ya mwaka na kuleta chumvi, nilitaka kuinua ukuta. Akanikataza: ukuta mzima huufanya upepo uruke uje kujipiga nyuma yake, ua wa mimea huuchuja na kuupunguza kasi. Tukapanda mivinje, inakatwa ibaki kimo cha mtu. Upande wa Kaskazi akauacha wazi, kwa sababu pepo hizo ndizo za miezi ya joto na tunazihitaji ndani. Chini ya dirisha la chumba cha mamangu, upande huo huo, akapanda asumini na kilua. Usiku wa Januari harufu inaingia yenyewe. Mtu aliyefikiria jambo hilo hakuwa akichora miti, shemeji.

Nyasi ni kipande kidogo, paspalamu, inayostahimili munyu. Juu ya dirisha la magharibi kukawekwa fito na boganvilia kutupa kivuli cha haraka. Na mita sita kutoka ukutani, mbali na shimo la choo, mkungu. Mamangu aliushika mche kwa mkono wake, nikafukia mimi. Umeshampita mwanangu kimo.

Kazi yote, pamoja na mchoro, haikufika bei ya ile kabro ya kwanza. Nairudia hesabu hii kwa kila anayeniuliza, kwa sababu watu hudhani mtaalamu ni anasa ya aliyezidiwa na pesa. Mimi nililipa mara mbili kwa kumkwepa. Kiyoyozi siku hizi huwashwa usiku wa Machi tu, na dalali aliyekuja mtaani kwa nyumba ya jirani alisimama getini kwangu akauliza kama tunauza.

Jamani, tuache kujengea macho ya wapita njia. Uwanja wa kabro tupu hauna pa kukaa mzee, hauna pa kucheza mtoto, hauna pa kupenyea maji ya mvua. Kama pesa ni kidogo, lipia mchoro peke yake na uufanye kidogo kidogo, mwaka huu maji, mwaka ujao kivuli, maua baadaye. Mchoro hauozi. Mti uliopandwa pasipofaa utaukata, na uliokatwa pasipofaa utaulilia. Mchoro kwanza. Nimesema na nitazidi kusema.

Mwezi uliopita tulisomesha maulidi pale pale uwanjani. Mikeka ilitandikwa kuanzia njia ya mlangoni hadi kwenye migomba. Tangu alasiri mamangu alikaa nje chini ya boganvilia, akipokea wageni, na ilipofika isha tulimwomba aingie akakataa. Shemeji alikuwepo. Kabla hajaondoka alinivuta kando akaomba namba ya yule kijana. Nilimpa, na sikumwambia neno.

Dadangu wa Muyeye, laki mbili zako ziweke. Vuli iko karibu. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha usijifungie. Toka na mwamvuli na simu, upige picha kila mahali maji yanaposimama na kila yanapokimbilia. Siku nyingine ya jua kali, saa kumi, upige picha ukuta wa magharibi. Kisha niletee picha zote, nami nitakupa namba ya msanifu. Na kama kuna mti wowote umesimama kiwanjani, hata mwarobaini uliojiotea, mwambie fundi auache mpaka mwenye kujua auone.