Wenger aliacha nini Arsenal? Wasomaji wanauliza

Makala ya wiki iliyopita kuhusu miaka 22 ya kocha Arsène Wenger pale Arsenal, klabu ya London, imeleta maswali mengi. Nimechukua haya.

Kaka, mnamsifu kwa lishe. Kwani kabla yake wachezaji walikuwa hawali? (Msomaji, Mwanza)

Walikula sana, tena chipsi na chokoleti, na baada ya mechi ni bia. Wenger alitua mwaka 1996 akitokea Nagoya Grampus Eight ya Japani, akaja na kuku wa kuchemsha, samaki, mboga na mazoezi ya kunyoosha viungo. Wakanung'unika, inasimuliwa hata waliimba kwenye basi wakidai chokoleti zao.

Ushahidi wangu ni bao moja. Mei 3, 1998, Arsenal wanaongoza 3-0 dhidi ya Everton, ubingwa uko mkononi. Steve Bould, beki wa kati, anainua mpira juu ya mabeki. Anayeukimbilia ni beki mwenzake, Tony Adams, anautuliza na kupiga kwa mguu wa kushoto. Wote wawili walishavuka miaka 30, na wengi walishawahesabu kuwa wazee. Wiki mbili baadaye wakaongeza Kombe la FA.

Hivi msimu wa 2003/04 kweli hawakupoteza hata mechi moja? (Msomaji, Nairobi)

Kwenye ligi, ndiyo: mechi 38, ushindi 26, sare 12. Kwingine walipigwa. Manchester United waliwatoa nusu fainali ya Kombe la FA, Chelsea wakawatoa robo fainali ya Ligi ya Mabingwa.

Kama alikuwa mbunifu hivyo, mbona hakubeba ligi tena baada ya hapo? (Msomaji, Kampala)

Swali la haki. Jibu la kwanza ni uwanja. Mwaka 2006 klabu ilihama Highbury, uliokuwa ukichukua watu wapatao 38,000, ikaingia Emirates wa 60,000, na deni likafuata. Nyota wakawa wanauzwa: Henry, Fàbregas, Nasri, kisha Van Persie, aliyekwenda Manchester United mwaka 2012 na kuwapa ubingwa msimu huohuo. Wakati huo Chelsea na Manchester City walikuwa na matajiri wasiouliza bei. Kumaliza ndani ya nne bora kila msimu hadi 2016 katika hali hiyo, mimi naona ni kazi kubwa kuliko tunavyoikumbuka.

Jibu la pili ni yeye mwenyewe. Lishe, takwimu, kusaka vipaji nje ya Uingereza, vyote wenzake walishaiga, na yeye hakuongeza kipya. Halafu ule ukaidi wa usajili! Dirisha la kiangazi 2015, kwa kikosi cha kwanza alimleta kipa Petr Čech tu. Hakuna beki, kiungo wala straika. Msimu huo vigogo wote waliyumba, ligi ikaenda Leicester, Arsenal wakawa wa pili. Hapo simtetei.

Dili la Rwanda kutangaza utalii kwenye mkono wa jezi ya Arsenal lilikuwa lake? (Msomaji, Kigali)

Hapana. Mechi yake ya mwisho ilikuwa Mei 13, 2018, dhidi ya Huddersfield. Dili lilitangazwa siku chache baadaye.

Mzee yuko wapi sasa? (Msomaji, Mombasa)

Yuko FIFA tangu 2019, akisimamia maendeleo ya soka duniani. Anapigania sheria ya kuotea ibadilishwe: mshambuliaji asihesabiwe ameotea ikiwa sehemu yoyote ya mwili inayoruhusiwa kufunga bado iko sambamba na beki. Ni pendekezo la mtu aliyependa mabao maisha yake yote, na nadhani mabeki hawajaulizwa.