Istilahi za fasihi zilinikaa nilipoacha kukariri fasili

Ndugu yangu, unasema fasili zote unazo kichwani, lakini ukipewa kifungu unachanganya tashbihi na sitiari, kinaya na kejeli, na dhamira na maudhui ndiyo kabisa. Nimepita hapo hapo. Kidato cha tatu niliandika kwa kujiamini, "mwandishi ametumia sitiari, tashihisi na takriri." Mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Wapi? Zinafanya kazi gani?" Tangu siku hiyo sitaji mbinu kabla sijaigusa kwa kidole kwenye sentensi.

Kilichonisaidia kwanza ni ukoo wa maneno yenyewe. Mengi yametoka Kiarabu, na ndugu zake tunawatumia kila siku. Tashbihi ni ukoo mmoja na kushabihiana: vitu viwili vinabaki viwili, katikati pamesimama "kama" au "mithili ya". Takriri, yaani kurudia neno au kifungu, ni ndugu wa kukariri. Tashihisi inatokana na shakhsi, yaani mtu. "Njaa ikabisha hodi" imeipa njaa mkono. Sitiari asili yake ni kuazima. Ukisema "mama yule ni mwamba", umeazima uthabiti wa jiwe ukamvika yeye, bila "kama".

Kinaya na kejeli ndipo wengi wanapozama. Tuchukue baba aliyeuza shamba lake lote amlipie mwanawe ada ya chuo cha kilimo. Kijana anahitimu, anarudi nyumbani, hana hata tuta moja la kulima. Hicho ni kinaya: jambo limegeuka kinyume cha lilivyokusudiwa, na hakuna aliyefungua mdomo. Sasa jirani anakutana naye njiani: "Karibu bwana shamba! Mwaka huu utapanda wapi, kiganjani?" Hiyo ni kejeli. Kuna anayesema na kuna anayechomwa. Tena ona, lile "bwana shamba" ni sifa inayobeba kinyume chake, kwa hiyo kinaya kimo ndani ya kejeli. Ndiyo maana zinachanganya, na ukilieleza hilo kwenye jibu lako utaonekana umeelewa.

Dhamira na maudhui usijilaumu, matumizi yanatofautiana. Tanzania, maudhui ni chombo kipana: ndani yake mna dhamira, ujumbe, migogoro, msimamo na falsafa. Kenya, maudhui ni masuala yanayojadiliwa, na dhamira ni nia ya mtunzi. Shika ya mtaala wako, usichanganye.

Ushairi ni mwepesi zaidi, kwa sababu unahesabika. Gonga meza kila silabi. Mshororo, yaani mstari, wa shairi la kimapokeo mara nyingi una mizani (silabi) 16: 8 za ukwapi, kipande cha kwanza, na 8 za utao, kipande cha pili. Ukipata pungufu, rudi uangalie ile m ya "mtoto". Ni silabi kamili: m-to-to, mizani 3. Wanafunzi ninaowasaidia huiruka kila mara, kisha wanadai mshairi ndiye aliyekosea.