Swali la lugha: Je, "makundi madogo ya damu" ni madogo kweli?

SWALI: Ninaandaa kijitabu cha Kiswahili kwa wagonjwa wanaoongezewa damu mara kwa mara. Nimeandika hivi: "Mbali na ABO na Rh kuna makundi madogo ya damu, kama vile Kell, Duffy na Kidd. Ukipewa damu yenye makundi hayo, mwili hutengeneza vingamwili, na damu yako inaweza kuganda." Mwenzangu wa maabara ameizungushia wino mwekundu sehemu yote hiyo bila maelezo. Kosa liko wapi?

JIBU: Mwenzako hakukosea. Anayeijua mada ataelewa ulichokusudia, lakini kijitabu hiki ni cha mgonjwa, naye ataelewa mengine kabisa.

Neno "dogo" likifuata jambo la tiba humtuliza msikilizaji: upasuaji mdogo, jeraha dogo. Likifuata "kundi", linabeba maana nyingine tena, yaani kundi lenye watu wachache. Hapa maana zote mbili zinapotosha. Antijeni (alama iliyo juu ya chembe ya damu) ya k (herufi ndogo) ya mfumo wa Kell imo kwenye chembe nyekundu za zaidi ya watu 99 kati ya kila 100, kwa hiyo huwezi kuiita ya wachache. Upande wa hatari, kingamwili (protini ambayo mwili hutengeneza kushambulia kitu kigeni) dhidi ya K (herufi kubwa) ikiwa kwa mama mjamzito ambaye mtoto wake amerithi K kutoka kwa baba, inaweza kumletea mtoto upungufu mkubwa wa damu angali tumboni. Haivunji chembe nyekundu zilizokomaa tu. Hukandamiza pia seli changa zinazozitengeneza. Ndiyo maana mtoto wa aina hii anaweza kuwa na upungufu mkali wa damu ilhali manjano ya ngozi na macho si makali, na kijitabu kinachomwambia mama aangalie manjano peke yake kitakuwa kimemdanganya.

Andika "mifumo mingine ya makundi ya damu". Kama nafasi inatosha, "mifumo ya makundi ya damu nje ya ABO na Rh" ni sahihi zaidi. Wapo wanaopendelea "makundi yasiyojulikana sana". Siungi mkono. Katika maabara ya damu mifumo hii inajulikana sana na hushughulikiwa kila siku.

Umeona nimetumia "mfumo" pale ulipotumia "kundi". Maneno haya mawili hayabadilishani nafasi. ABO ni mfumo. A, B, AB na O ndiyo makundi yaliyomo ndani yake. Mifumo inayotambuliwa kimataifa sasa ni zaidi ya 40, na kila mtu ana kundi lake katika kila mfumo. Kwa hiyo "damu yenye kundi la Kell" haina maana, kwa kuwa hakuna aliye nje ya mfumo huo. Kilichopo ni mtu mwenye antijeni ya K na mtu asiye nayo. Chukua mfumo wa Duffy. Katika Afrika Magharibi karibu watu wote hawana antijeni za mfumo huo, Fyᵃ na Fyᵇ, kwenye chembe zao nyekundu, na kwa sababu hiyo vimelea vya malaria aina ya vivax, ambavyo hutumia antijeni ya Duffy kama mlango wa kuingilia, hupata shida kubwa kuwavamia. Nimewahi kusoma maandishi yanayowaita "watu wasio na kundi la Duffy". Kundi wanalo, nalo huandikwa Fy(a−b−). Wasichonacho ni antijeni.

Sasa "vingamwili". Kosa hili linaenea, na chanzo chake kinaeleweka: mwandishi ameona ki- mwanzoni akaifanya kiambishi cha ngeli. Lakini "kinga" ya hapa inatokana na kitenzi kukinga, na ki- ni sehemu ya mzizi. Kingamwili hii, kingamwili hizi. Kingamwili imeonekana, kingamwili zimeonekana. Vinga vipo katika Kiswahili, ila ni wingi wa kinga cha moto, kile kipande cha ukuni kinachowaka, kama katika methali "kinga na kinga ndipo moto uwakapo". Antijeni nayo huenda vivyo hivyo: antijeni hii, antijeni hizi, bila "maantijeni".

Liandike neno zima bila kuliachanisha. "Kinga ya mwili" ni uwezo wa mwili kujilinda, na "kingamwili" ni protini mahususi inayotengenezwa na mwili. Tazama tofauti: "Mgonjwa ana kinga ya mwili dhidi ya K" inasomeka kama habari njema, kana kwamba amekingwa na kitu kibaya kiitwacho K. "Mgonjwa ana kingamwili dhidi ya K" inasema anachopaswa kukisikia daktari, kwamba damu yenye K itashambuliwa. Usiache neno "dhidi". "Kingamwili ya K" inaweza kusomeka kama kingamwili iliyo mali ya K. Katika jedwali la maabara "anti-K" inatosha, lakini katika sentensi ya mgonjwa andika kwa kirefu.

Pengine wino mwekundu ulikolea zaidi kwenye "kuganda", na hapo mwenzako alikuwa na sababu nzito. Damu huganda pale nyuzi za faibrini, protini ya damu, zinapojisuka na kuunasa mchanganyiko wote, kama inavyotokea kwenye kidonda. Kingamwili hufanya kazi nyingine: hujibandika kwenye antijeni juu ya chembe nyekundu. Kwenye tyubu ya maabara matokeo yake ni chembe kushikamana. Mwilini, chembe hizo huharibiwa, mara nyingi kwenye wengu, na nyakati nyingine hupasuka ndani ya mishipa yenyewe.

Ukikitazama kipimo chenyewe cha kutafuta kingamwili utaona kwa nini vitenzi hivi havipaswi kuchanganywa. Plazma ya mgonjwa, yaani sehemu ya majimaji ya damu yake, huchanganywa na chembe nyekundu za kundi O ambazo antijeni zake nyingine zinajulikana. Kundi O huchaguliwa ili kingamwili dhidi ya A na B, ambazo watu wengi wanazo kwa asili, zisiingilie matokeo. Mchanganyiko hukaa kwenye nyuzi 37 za Selsiasi kwa dakika 15 hadi 60, kutegemea kimiminika kinachotumika. Chembe huoshwa kwa maji ya chumvi mara tatu au nne, huongezwa dawa ya Coombs, ambayo huziunganisha chembe zilizobandikwa kingamwili, kisha tyubu huzungushwa kwa kasi kwenye mashine iitwayo sentrifuji. Mtaalamu huinamisha tyubu, huitikisa polepole, na kutazama kidonge cha chembe kilichotulia chini. Kikitawanyika chote kuwa ukungu mwekundu, hakuna kilichoonekana. Kikibanduka mabonge mabonge, chembe zimeshikamana. Uoshaji ukifanywa kwa haraka, kingamwili zilizobaki zikielea huimaliza dawa ya Coombs kabla haijazifikia chembe, na tyubu husomeka hasi wakati si hasi. Kwa hiyo kila tyubu iliyosomeka hasi hutiwa chembe za ukaguzi, ambazo tayari zimevikwa kingamwili. Zisiposhikamana, kipimo kinarudiwa.

Mtaalamu huyo akiandika "imeganda", mwenzake ataelewa kwamba sampuli imeharibika ndani ya chupa yenye dawa ya kuzuia kuganda, na atamrudia mgonjwa kuchukua nyingine. Ndivyo kitenzi kimoja kinavyoweza kupoteza matokeo. Tumia "kushikamana" kwa chembe na "kuganda" kwa damu. "Kugandana" sikupendekezi, ingawa kisarufi ni sawa, kwa sababu masikioni kuko karibu mno na kuganda. Na ukihitaji nomino, andika "kushikamana kwa chembe". "Mshikamano" una kazi yake kwingine.

Kwa hiyo maneno yako yangesomeka hivi: "Mbali na ABO na Rh, ipo mifumo mingine ya makundi ya damu, kama vile Kell, Duffy na Kidd. Ukipewa damu yenye antijeni ambayo wewe huna, mwili wako unaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya antijeni hiyo. Ukiongezewa tena damu yenye antijeni hiyo, kingamwili zinaweza kuziharibu chembe nyekundu ulizopewa." Zingatia "unaweza". Ulipoandika "hutengeneza" ulilifanya jambo kuwa la lazima, ilhali wengi hupewa damu yenye antijeni ngeni na hawatengenezi kitu. Mwenye selimundu au thalasemia, magonjwa ya damu ya kurithi, anayeongezewa damu miaka nenda miaka rudi ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi.

Hukuuliza kuhusu "chanya" na "hasi", lakini kijitabu chako hakitaviepuka. Katika usemi wa leo chanya ni kizuri: mtazamo chanya, mabadiliko chanya. Mgonjwa akiambiwa uchunguzi wake wa kingamwili ni chanya, ana kila sababu ya kufurahi. Andika "kingamwili imeonekana" au "kingamwili haikuonekana". Kwa antijeni andika "una antijeni ya K" au "huna antijeni ya K".

Kitenzi hicho "haikuonekana" nakihimiza kwa sababu ya mfumo wa Kidd. Kingamwili dhidi ya antijeni zake, Jkᵃ na Jkᵇ, zina tabia ya kupungua upesi, na baada ya miezi kadhaa kipimo kinaweza kutoziona kabisa. Mwili, hata hivyo, haujasahau. Mgonjwa akipewa tena damu yenye antijeni ile, kingamwili hupanda kwa kasi ndani ya siku chache, na kati ya takriban siku ya 3 na ya 14 chembe alizoongezewa huanza kuharibiwa: homa, macho ya manjano, mkojo mweusi, na kiwango cha damu kushuka tena hadi pale kilipokuwa au chini zaidi. Kwa kuwa siku zimepita, ni rahisi dalili hizi kudhaniwa ni za ugonjwa wake wa kawaida. Anayeandika kwenye kadi "kingamwili imepotea" anamfungulia mlango mgonjwa huyo aumie. Andika: "Aliwahi kuonekana na kingamwili dhidi ya Jkᵃ. Hata kama haionekani katika kipimo cha leo, apewe damu isiyo na antijeni ya Jkᵃ." Na mwambie mgonjwa, kwa sentensi inayojitegemea, aionyeshe kadi hiyo katika kila hospitali atakayokwenda.

Zipo pia kingamwili ambazo kwa kawaida hazidhuru, kama nyingi za mfumo wa Lewis, ambazo hupenda baridi kuliko joto la mwili. Hata hizo usiziite ndogo. Sema "kwa kawaida hazina madhara".

Limebaki suala la maandishi. Katika mifumo hii herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti: K si k, S si s, I si i. Basi usianze sentensi kwa alama ya antijeni, maana kompyuta au mhariri ataikuza herufi na kubadilisha maana. Anza na neno "antijeni". Usiandike "Kell chanya" ukimaanisha K, kwa sababu Kell ni mfumo wote, wenye antijeni nyingi. Majina ya mifumo yaache yalivyo. Kell, Duffy na Kidd yametokana na majina ya watu, na Lutheran vilevile ni jina la ukoo lililosomwa vibaya kwenye lebo, kwa hiyo mhariri asije akaligeuza kuwa "mfumo wa Kilutheri".