Maswali yenu kuhusu forodha: krimu, mahindi, mirathi na simu za matapeli

Barua nyingi za safari hii zimetoka mipakani, na nyingi zina uchungu. Nimefanya uwakala wa forodha miaka mingi, kwanza Dar es Salaam, baadaye Namanga, na uchungu huo naujua ulikotoka: mtu ameacha watoto nyumbani, mtaji ni wa kikoba, na aliyevaa sare anamwambia subiri. Nimejibu nilizoweza.

Shikamoo. Nafundisha Uraia kidato cha pili. Wanafunzi wangu wanasema forodha ni watu wa kukusanya kodi tu. Niwape mfano gani usiohusu pesa? (Mwalimu, Morogoro)

Marahaba, Mwalimu. Wape mfano wa pembe za ndovu. Agosti 2011, katika bandari ya Zanzibar, ilikamatwa shehena ya pembe 1,041 zilizofichwa kwenye samaki wakavu, safari yake Malaysia. Waambie wanafunzi wagawanye kwa mbili, watapata ndovu zaidi ya 500 katika shehena moja. Sensa ya wanyamapori ya 2009 ilihesabu ndovu wapatao 109,000 Tanzania. Ya 2014 ikakuta kama 43,000. Ninyi mko jirani na Mikumi, watoto wataelewa maana yake.

Jangili anaua porini, lakini pembe haimletei pesa mpaka ivuke bahari, na hapo ndipo inapokutana na forodha. Kontena hazifunguliwi zote, bandari ingesimama. Ofisa anaanza na karatasi: nani anatuma, anampelekea nani, uzito unalingana na bidhaa iliyoandikwa? Kinachotia shaka kinapelekwa kwenye skana, na skana ikionyesha kitu ndipo lakiri inakatwa. Kazi hiyo inafanywa na mtu aliyekaa mezani, macho mekundu kwa kusoma makaratasi, na wanafunzi wako wamjue.

Nina duka dogo la vipodozi. Katoni nne za krimu za kung'arisha ngozi zimechukuliwa mpakani, wakasema zina zebaki. Wateja wangu wanazitumia miaka yote na hawajafa. Si wananionea tu? (Dada wa Kahama)

Dada yangu, pole kwa hasara, najua katoni nne ni mtaji. Lakini hapa nitasimama na ofisa, na naomba unisikilize mpaka mwisho.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina orodha ya vitu visivyoruhusiwa kabisa kuingia nchini, hata ukiwa tayari kulipa ushuru. Humo kuna pesa bandia na bidhaa bandia, viberiti vilivyotengenezwa kwa fosforasi nyeupe, matairi yaliyokwishatumika ya magari madogo, na nguo za ndani za mitumba. Sabuni na vipodozi vyote vyenye zebaki vimo pia. Havikuingizwa humo ili serikali ipate pesa, maana kwa katoni zako serikali haipati hata senti.

Zebaki inang'arisha kwa kuzuia ngozi isitengeneze rangi yake. Haiishii kwenye ngozi. Inaingia mwilini, inakwenda kwenye figo, na kwa mama mjamzito inamfikia mtoto tumboni. Inabaki kwenye mataulo na mashuka, na anayemkumbatia mama huyo anaipata. Mteja wako akianza kuvimba miguu baada ya miaka mitano hatarudi dukani kukulaumu. Atakwenda hospitali, na wala hatajua ni krimu.

Niliwahi kusimama kaunta wakati ofisa mmoja, binti mdogo tu, akikagua makopo ya mteja wangu. Kopo lilikuwa na kibandiko kizuri kisichotaja kiungo chochote cha hatari. Akakipitisha ukucha pembeni, kikabanduka, na chini yake kulikuwa na kibandiko cha zamani kimeandikwa "calomel". Hiyo ni zebaki kwa jina lingine. Tangu siku hiyo nawafundisha wenye maduka watazame maneno "mercury", "mercuric", "calomel" na herufi Hg. Kuna alama nyingine ambayo wengi hawaijui: kopo likikuonya usigusishe krimu na dhahabu, fedha au alumini, liache hapohapo, kwa sababu zebaki hula madini hayo.

Pamoja na hayo, haki yako ipo. Mali ikikamatwa, mwenyewe anatakiwa kupewa taarifa ya maandishi yenye sababu ndani ya mwezi mmoja. Kama unaamini krimu zako hazina zebaki, una mwezi mmoja wa kudai mali yako kwa maandishi, na katika dai hilo omba zipimwe maabara. Ukinyamaza muda ukapita, mali inahesabika kuwa imetaifishwa.

Nanunua mahindi upande huu na kuuza ng'ambo, gunia nane au kumi. Forodhani ni nusu siku, njia ya panya ni dakika ishirini na bodaboda. Kwa mzigo mdogo hivi kuna ubaya gani? (Mama wa watoto watatu, Namanga)

Mama, nusu siku ni nyingi mno kwa gunia nane, na malalamiko yako ni ya haki. Ila nusu ya muda huo inaweza kuokolewa na kitu ambacho wafanyabiashara wengi wadogo hawajaambiwa. Ukiwa na bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya, iliyomo kwenye orodha iliyokubaliwa (na mahindi yamo), na thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, unapata cheti cha asili kilichorahisishwa, kinachoonyesha bidhaa imetoka wapi, hapohapo mpakani. Kwa cheti hicho hulipi ushuru wa forodha. Wengi wanapita porini kukwepa ushuru ambao hawadaiwi! Bodaboda analipwa, mtu wa njiani anataka chake, na ukikamatwa unapoteza gunia zote. Piga hesabu, utaona njia ya panya ndiyo ghali.

Kinachobaki ni kipimo cha sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu kwenye nafaka. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Mahindi hayo yalikuwa ya mashambani na maghalani mwao, hayakuletwa kutoka nje, na hilo linaonyesha jinsi sumu hii inavyojificha: mwenye shamba mwenyewe hakuiona. Haina ladha, na kuchemsha ugali hakuiondoi. Kiwango kinachoruhusiwa ni sehemu 10 kwa bilioni. Ukitaka kupata picha, ni gramu moja ya sumu, chini ya robo kijiko cha chai, ndani ya gunia 1,000 za kilo mia. Hakuna jicho la mama wala la ofisa linaloweza kuipata bila kipimo.

Utakumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo, kisha siku chache baadaye ikafungua kwa masharti ya cheti cha kipimo. Kila gunia linalopita porini bila kupimwa linawapa nguvu wanaotaka mpaka ufungwe tena, na ukifungwa mnaoumia ni ninyi wa gunia nane. Jiungeni wanawake watano au sita, pelekeni mzigo pamoja, mpimiwe sampuli mara moja. Na kabla ya hapo, kausha mahindi kwenye turubai, usiyaanike kwenye udongo mtupu. Kuvu huanzia kwenye unyevu.

Rafiki niliyempata mtandaoni ametuma kifurushi cha zawadi kutoka Uingereza. Amenipigia mtu anayejiita wa forodha, anataka shilingi 850,000 kwenye namba yake ya simu la sivyo nitashtakiwa. (Dada wa Mwanza)

Usitume hata shilingi. Kifurushi hakipo.

Malipo ya forodha Tanzania yanatolewa kontroli namba, unalipia benki au kwa simu, na kabla hujathibitisha unaona pesa inakwenda serikalini. Ofisa hana ruhusa ya kupokea ushuru kwenye laini yake. Wala forodha haikupigii kukutisha jela kwa zawadi ambayo hukuiagiza. Tuma ujumbe wa tapeli pamoja na namba yake kwenda 15040, kisha nenda polisi, na usifute mazungumzo. Kama ulikwishatuma kiasi, sema vilevile. Matapeli hawa wanaishi kwa aibu ya watu, na waliokupigia wewe jana wanampigia mwingine leo.

Naendesha basi la Nairobi. Abiria wanabeba miraa kama kawaida. Nikifika Tanzania inakuwaje? (Dereva)

Kaka, Kenya miraa ni zao halali, Tanzania miraa hiyohiyo, au mirungi, ni dawa ya kulevya kisheria. Watangazie abiria kabla ya Namanga, kila safari.

Nimeagiza vyombo kutoka China, risiti ninayo, lakini wamekadiria bei ya juu kuliko niliyolipa. Na kwa nini kodi inatozwa hadi kwenye nauli ya meli? (Mfanyabiashara, Kariakoo)

Nianze na nauli. Kwa mzigo wa meli, thamani ya forodha ni bei ya bidhaa pamoja na bima na nauli hadi bandarini. Tuseme jumla yake ni shilingi 1,000,000 na bidhaa inatozwa ushuru wa 25%. Ushuru ni 250,000. VAT ya 18% haitozwi kwenye milioni moja, inatozwa kwenye 1,250,000, nayo inakuja 225,000. Jumla 475,000 kabla ya tozo ndogondogo. Watu wengi wanajumlisha 25 na 18, wanapata 43%, halafu wanadhani wameibiwa.

Sasa bei. Kanuni ya kwanza ni bei uliyolipa kweli. Ofisa akiitilia shaka anaweza kuuliza, na anayo sababu, kwa sababu ankara za uongo zimejaa, na kila anayedanganya anamuumiza jirani yako wa duka la pili anayelipa sawasawa. Lakini shaka peke yake haitoshi kukupandishia. Peleka ankara, uthibitisho wa benki, na mazungumzo yenu na muuzaji. Mteja wangu mmoja aliwahi kupandishiwa bei karibu mara mbili, kituo sitakitaja, na ofisa akakataa hata kutazama karatasi za benki. Tulikata rufaa na thamani ikarekebishwa.

Unafanya hivi: ndani ya siku 30 tangu uamuzi, mwandikie Kamishna wa Forodha ombi la mapitio, ueleze sababu. Hakikisha nakala yako imepigwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Naye ana siku 30 za kukujibu, na sheria inasema asipojibu, ombi lako linahesabika kuwa limekubaliwa. Akikukatalia, una siku 45 za kwenda kwenye chombo cha rufaa za kodi. Wafanyabiashara hawaitumii njia hii, wanapendelea "kuongea" na mtu. Mkiendelea kuongea, ofisa mwadilifu na yule asiye mwadilifu wataonekana sawa, na nchi inakosa kumjua mbaya wake.

Mjomba wetu amefariki Muscat alikoishi miaka 30. Kuna nguo, vitabu, redio, cherehani na gari. Tutalipia? (Familia, Unguja)

Poleni sana, Mola amrehemu. Vitu alivyotumia marehemu, mkavirithi, vina msamaha wa ushuru, kwa mipaka atakayoweka Kamishna. Andaeni cheti cha kifo, karatasi za mirathi na orodha ya vitu kimoja kimoja, iandikwe huko huko kabla ya kufunga maboksi. Gari liombeeni jibu lake la maandishi kabla halijapandishwa melini, lisichanganywe na nguo na vitabu. Na msikubali mtu "awasaidie" kuongeza bidhaa za biashara ndani ya vitu vya marehemu. Nimeona familia ikiingia matatizoni hivyo, msiba juu ya msiba.

Mwanangu hatembei. Shangazi yake aliye Ujerumani anataka kutuma kiti cha magurudumu cha umeme. Tumeambiwa ushuru utakuwa mkubwa. (Baba, Tanga)

Mmeambiwa vibaya. Vifaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa mtu mwenye ulemavu, hata gari moja, vina msamaha wa ushuru wa forodha katika sheria niliyoitaja juu. VAT nayo ina msamaha kwa vifaa vya watu wenye mahitaji maalumu. Tatizo ni kwamba msamaha haujileti, lazima uombwe kwenye kadhia, yaani tamko la mzigo linalopelekwa forodhani. Pata barua ya daktari, nenda ofisi ya TRA hapo Tanga kabla mzigo haujatumwa, umwambie na wakala wako mapema. Shangazi naye apige picha kibandiko cha betri kabla ya kufunga boksi, maana shirika la ndege litauliza aina ya betri hata kabla ya forodha kuuliza chochote.